Mkanda Bado

Fundi huyu alikuwa na jina alilopewa na mama yake, lakini mtaani jina hilo halikuwa na kazi. Walimwita Tepu. Kisa ni ile tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi kuziba pembe za madirisha. Yeye aliinunua kwa wingi, na kila gari lililotoka gereji yake lilitoka na kipande kimebandikwa ndani ya boneti, kimeandikwa kwa kalamu nene na herufi kubwa: OILI TAYARI. BREKI TAYARI. REJETA BADO. Kilichofanyika kiliitwa tayari, kisichofanyika kiliitwa bado, na neno la tatu halikuwepo. Wateja walimtania kwamba hata mkewe alimwoa kwa tepu: POSA TAYARI, HARUSI BADO.

Ufupi ule ulikuwa na sababu yake. Fundi aliacha shule darasa la tatu akaenda kushika spana, na aliyemfundisha kuandika baadaye ni dada yake, mdogo wake kwa miaka minne. Dada alikuwa akirudi kutoka shule jioni, anamkalisha mezani na kumwandikisha majina ya vifaa: spana, nyundo, jeki, boliti. Alikuwa mwalimu mkali, hata kwa mtu aliyemzidi urefu. Kaka alijifunza herufi zote na hakusahau hata moja, ila sentensi ndefu zilimtoa jasho kuliko boliti iliyoshika kutu. Akaishia kwenye maneno mawili mawili, na kwa miaka arobaini yalimtosha.

Mimi simlaumu mtu kwa kuandika kifupi. Wapo wanaojaza kurasa na usiambulie kitu. Lakini neno fupi nalo lina hila zake, na la fundi huyu lilikwenda kumtokea puani kwa yule yule aliyemfundisha kuandika.

Dada huyo mtaani walimwita Mama Mapazia. Alishona mapazia, akayapeleka mwenyewe, akapanda ngazi na kuyatundika mwenyewe, kwa sababu hakuamini kwamba kuna mtu mwingine duniani anayejua kunyoosha fimbo ya pazia. Mumewe alikuwa karani wa ghala, mtu mpole, na alipofariki alimwachia gari dogo la buluu. Gari likakaa miezi minane chini ya turubai. Watu wote wenye busara walimshauri aliuze. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hajawahi kushika usukani hata wa kuchezea.

"Nitajifunza," akasema.

Walicheka, hata binti yake. Kaka yake hakucheka, na hilo tumhesabie. Kila Jumapili asubuhi alimpeleka kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, akakaa kiti cha abiria huku mkono umeng'ang'ania mlango.

"Klachi, dada! Klachi kwanza!"

"Usinipigie kelele. Mimi si injini."

"Injini ndiyo inayolia, si mimi."

Alishindwa mtihani wa leseni mara mbili. Mara ya tatu akapita, akatoka na ile leseni mkononi anaipepea kama mtu anayekausha picha. Tangu siku hiyo, kwa karibu miaka mitatu, ulimwona kila mahali, fimbo za mapazia zimetokeza dirishani na kitambaa chekundu kimefungwa mwishoni ili mtu asijichome. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kungoja: angoje mumewe atoke kazini, angoje binti apate nafasi, angoje jirani anayeelekea upande ule. Sasa akitaka kwenda alikwenda, na akishatundika mapazia yake alirudi kwa saa anayotaka yeye. Alinenepa kidogo, na akaanza kucheka kwa sauti.

Kaka alimfundisha na jambo jingine. Kila Jumamosi afungue boneti, aangalie maji, achomoe kijiti cha oili akifute na kukisoma. Mwanafunzi mzuri yule. Hakuna Jumamosi aliyoiruka.

Basi, miezi minne kabla ya mkasa, gari la buluu liliingia gereji kwa huduma ya kawaida. Fundi alibadilisha oili na plagi, kisha akafungua kifuniko cha pembeni atazame mkanda wa taimingi. Akaubana kwa vidole na kuukunja kidogo. Ulikuwa na nyufa ndogondogo, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Akampigia muuza vipuri, naye akaleta mkanda ambao meno yake hayakulingana na ya ule wa zamani.

"Huu wa gari nyingine," fundi akamwambia.

"Basi wiki ijayo, fundi. Wiki ijayo bila kukosa."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mita shingoni, ana madirisha kumi na mawili ya ofisi yanamngoja. "Tayari?" akauliza.

"Tayari, nenda. Nitakuita."

Hakumuuliza atamwita kwa nini, na yeye hakueleza. Alichukua tepu yake akaandika OILI TAYARI. PLAGI TAYARI. MKANDA BADO. Akabandika, akafunga boneti, akampungia mkono.

Wiki iliyofuata mkanda sahihi ulikuja kweli. Fundi akautundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi na kuubandika tepu: DADA. Siku hiyo hiyo likaletwa lori limevunja gia boksi, na mwenye lori akaja na kelele zake. Kesho yake kukawa na jingine. Magari ya wateja yalitangulia, kwani mteja hukasirika na dada huvumilia. Wahenga walishasema mganga hajigangi, na wangeongeza kwamba wala hagangi ndugu zake. Mkanda ulikaa kwenye msumari miezi minne mpaka ukashika vumbi. Kila akiinua macho aliuona, na kila akiuona alisema moyoni, nitampigia kesho.

Simu ikatoka kwa dada, si kwake. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda.

"Kaka, gari imezima mlimani. Imezima kama taa. Haikukohoa, haikufanya nini."

Jirani wa gereji, mchomeleaji, alimpakia fundi kwenye pikipiki mpaka pale. Alimkuta dada amesimama kando ya barabara na kitabu chake cha vipimo kifuani, na wanaume watatu wamelizunguka gari. Barabara yoyote ile gari likiharibika hawakosi watu watatu, na wote watatu ni mabingwa. Mmoja alikuwa amemwambia apige stata, asichoke, itashika tu. Naye alikuwa amepiga mpaka kidole kikamwuma.

"Hebu piga mara moja tu," fundi akasema.

Stata ikazunguka wepesi, bila kupata uzito wowote, kama pedali za baiskeli iliyokatika mnyororo. Hakuhitaji kusikia zaidi.

"Acha, dada. Usipige tena."

Akafungua boneti, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni mwandiko wake mwenyewe. MKANDA BADO. Ulikuwa umefifia kidogo kwa joto, lakini asiyejua kusoma tu ndiye angeukosa. Aliufunika kwa kiganja, kama mtu anayeegemea. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaibandua ile tepu, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani wa ovaroli yake. Wale mabingwa walikuwa wanabishana habari ya betri na hawakuona kitu.

Dada akasogea. Mikono ilikuwa inamtetemeka. "Nimeiua, kaka?"

Bingwa mmoja akadakia kabla hajajibu. "Mama alikuwa anapandisha na gia ya pili! Injini inalia mpaka kule chini tumeisikia."

Hapa ndipo ilipokuwa nafasi yake, wazi kabisa. Angeweza kusema kwamba mkanda uliochakaa hukatika popote, hata tambarare, hata kwa dereva wa waziri. Angeweza kusema, mdogo wangu, hii ni yangu. Lakini alikuwa na miaka sitini na moja, na sifa aliyokuwa amebaki nayo mtaani ni kwamba gari likitoka kwa Tepu halirudi kwa kosa la Tepu. Akautazama mlima, akasema:

"Mlima wenyewe mkali huu, dada."

Neno la kweli kabisa. Mlima ulikuwa mkali jana na utakuwa mkali kesho. Na kwa ukweli huo akamdanganya dada yake mchana kweupe.

Dada akatikisa kichwa polepole. "Nilijua," akasema.

Kesho yake fundi aliifungua injini. Nitaeleza kwa kifupi, asije mtu akachoka. Mkanda wa taimingi kazi yake ni kuziambia valvu lini zifunguke na lini zifunge, ili pistoni ikipanda isizikute njiani. Ukikatika, valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi, na pistoni haina breki, inapanda na kuzigonga. Alipoinua hedi, yaani kichwa cha injini, aliona vichwani mwa pistoni alama za nusu mwezi, mbili mbili, safi kama zimechorwa. Kati ya valvu kumi na sita, kumi na moja zilikuwa zimepinda. Mkanda wenyewe aliutoa vipande, nyuzi zimetokeza, na meno manane hayapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu ufa aliuona kwa macho yake, akauandika na kuubandika tepu.

Hedi ikapelekwa kwa fundi wa mashine kunyooshwa na kusagwa. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Wiki ya kwanza haijaisha, dada akaja kwa miguu, na ufunguo wa akiba mkononi.

"Ukimaliza, iuze," akasema.

"Kwa nini uiuze? Itapona."

"Itapona, kisha niiue tena? Nimetosheka, kaka. Mtu ajue mwisho wake." Akasogea mezani, pale valvu zilipokuwa zimepangwa juu ya gazeti. Akaokota moja, akaiviringisha kwa kidole, nayo ikawa inayumba yumba. "Zote hizi mimi?"

Fundi akafungua mdomo. Naapa alikuwa anakwenda kusema. Muuza vipuri akaita mlangoni, "Wenyewe mpo?" na fundi akageuka kumwitikia kwa haraka kama mtu aliyetupiwa kamba ndani ya kisima. Alipogeuka tena, dada alikuwa anaifunga ile valvu kwenye kipande cha kitambaa cha pazia.

"Naichukua hii. Nikitamani tena kuendesha niitazame."

Akatoka nayo. Fundi alikaa juu ya tairi muda mrefu, na muuza vipuri alipouliza kama anaumwa alisema ni jua.

Siku zikaenda. Mama Mapazia akarudi kuwa mtu wa kungoja. Alionekana asubuhi na fimbo begani na furushi kichwani, akipumzika kila baada ya nyumba chache. Kazi za mbali alianza kuzikataa. Vijana wa kituo cha mafuta, waliokuwa wakisimama na kumpigia saluti kwa mzaha kila akipita na gari, sasa walimwamkia kwa huruma, na huruma ilimuumiza kuliko mzaha. Binti yake akamfuata fundi gereji.

"Mjomba, tusaidie tuiuze hiyo gari. Mama hataki hata kuisikia. Leseni ameifungia kwenye kabati, chini kabisa ya mashuka."

"Tutaona."

"Si kosa lake. Ni umri tu. Tulimwacha aanze akiwa mtu mzima mno."

"Tutaona, mjomba," fundi akarudia, akainamia injini ili asitazamwe usoni. Alijiambia atasema gari likishawaka. Mtu huwezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu, alijiambia, uende na kitu kilichopona. Hizo ndizo hesabu za mwoga. Hakukosa sababu, na kila sababu ilikuwa imevaa vizuri.

Aliyemkamata ni mkewe. Mama wa watu alikuwa anafua ovaroli, na kabla ya kuloweka alipapasa mifuko, kama anavyofanya kwa miaka thelathini na minne, akakuta tepu imekunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya goti.

"Hii ya gari gani?"

Fundi alikuwa anakunywa chai. Mkewe aliitazama ile tepu, akamtazama yeye, akaitazama tena. Si mwanamke wa kuambiwa mara mbili.

"Ya wifi."

"Ndiyo."

"Na yeye anajua?"

"Nitamwambia gari likiwaka."

"Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sikujua kwamba wanamaanisha mfuko kabisa." Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliichukua tepu akaenda kuibandika kwenye kioo, pale mumewe anaponyolea ndevu, akairudia ndoo yake. Tangu hapo kila asubuhi fundi alijinyoa akisoma MKANDA BADO katikati ya paji la uso wake. Mara mbili alijikata.

Hedi ilirudi, valvu mpya zikasagwa na kukaa vizuri. Siku ya kufunga alishusha mkanda kutoka kwenye msumari, akaufuta vumbi, akabandua ile tepu iliyoandikwa DADA. Akalinganisha alama za juu na za chini, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili huku anasikiliza, kisha akalinganisha tena. Alipowasha, ilishika mara ya kwanza. Sauti ilikuwa nyororo kuliko zamani. Alifurahi kwa muda wa kufuta mikono tu, halafu furaha ikamwisha, kwa sababu sasa sababu zote zilikuwa zimeisha.

Aliipeleka mchana. Dada alikuwa katika chumba chake cha kushonea, miwani puani, kitambaa cha kijani kimemwagika kutoka mashineni mpaka sakafuni. Juu ya meza, kando ya bobini na mkasi, ilikuwa imelala ile valvu iliyopinda. Fundi akaweka ufunguo karibu nayo.

"Gari imepona, dada."

"Umepata mtu wa kuinunua?"

"Hapana. Nimekuletea."

"Mpe mtu anayejua kuendesha." Hakunyanyua macho, mguu ukaendelea kukanyaga pedali.

Fundi akatoa tepu mfukoni mwa shati. Alikuwa ameibandua kwenye kioo asubuhi ile. Akaiweka juu ya kitambaa cha kijani, mbele ya sindano, ikambidi dada asimamishe mashine.

Aliisoma bila kuigusa. "Naijua hii," akasema.

"Unaijua?"

"Kila Jumamosi naisoma. Nikishaangalia maji na oili, naisoma. Oili tayari, plagi tayari, mkanda bado. Nikawa nasema, mkanda bado, wakati wake haujafika. Kaka ameuona, amesema bado. Nafunga boneti, naenda zangu." Akavua miwani. "Si ndivyo?"

"Bado haujabadilishwa," fundi akasema, na sauti ikawa ndogo. "Niliandika bado kwa maana haujabadilishwa. Ulikuwa umechoka, dada. Niliuona. Mpya ulikuwa kwangu umetundikwa, miezi minne. Hukuua kitu wewe. Hata ungepanda na gia ya kwanza, hata ungekuwa umesimama tu unawasha, ungekatika."

Nje gari lilikuwa linapoa, chuma kinagonga gonga kidogo kidogo.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hilo neno," dada akasema. "Tulikuwa mezani. Mama anauliza jikoni, mmemaliza? Nikakwambia andika, bado." Alitaka kutabasamu na haikutoka. Halafu akauliza, pole pole, kama mtu anayepima dirisha. "Hii ilikuwa ndani ya boneti siku ile. Uliitoa wewe?"

"Niliitoa."

"Kabla sijakuuliza kama nimeiua, au baada?"

Kati ya maswali yote aliyokuwa ameyaogopa kwa wiki tatu, hili hakuwa amelifikiria. "Kabla," akasema.

Dada akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Neno nimelikosea mimi, au umelikosea wewe, yote sawa. Hilo ni neno, ningecheka nalo. Lakini nilikuuliza, kaka. Nilisimama mbele yako natetemeka nikakuuliza. Na ukanitazamisha mlima. Siku zote hizi hili chuma liko hapa mezani, kila nikitia uzi naliona, najiambia, mwanamke, ulijidanganya." Akaichukua valvu akamwekea kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake. "Shika. Ni yako hii."

Akachukua ufunguo. Alikwenda chumbani, ikasikika milango ya kabati na mashuka yakianguka, akatoka na leseni. Fundi alimfuata nje. Alipokuwa anashika mlango wa abiria, kwa mazoea ya zile Jumapili, dada akauvuta kwa ndani.

"Nenda kwa miguu," akasema. "Mimi nimekwenda kwa miguu."

Gari likamzimikia mara moja, kwa sababu miguu ilikuwa imesahau. Akawasha tena. Likaondoka na gia ya kwanza, likang'ang'ania gia ya kwanza mpaka kwenye kona, fundi akajikuta anasema peke yake, "Klachi, dada." Kisha akasikia ya pili imeingia, laini kabisa, na baadaye ya tatu. Alisimama na valvu mkononi mpaka sauti ikapotea. Aliona fahari na aliona aibu, vyote viwili kwa pamoja.

Miezi miwili ikapita bila dada kumpigia wala kupokea simu yake. Alimwona akipita mbele ya gereji, kitambaa chekundu kinapepea mwisho wa fimbo, vijana wa kituo cha mafuta wakipiga saluti. Hakugeuza shingo. Fundi alikwenda nyumbani kwake mara mbili, na mara zote binti alimwambia mama hayupo, huku gari la buluu limeegeshwa hapo hapo karibu limkanyage. Mkewe alipeleka salamu, akarudi nazo. "Amesema amesikia," akaeleza, akaendelea kupepeta mchele.

Wateja waliona jambo moja tu, kwamba tepu zimerefuka. MKANDA HAUJABADILISHWA, UMECHAKAA, USIENDE NAO MBALI, RUDI JUMATATU. Herufi zilipanda juu ya herufi, na kuandika kukamchukua muda kuliko kufunga breki.

"Fundi, siku hizi unatuandikia barua?" mwenye lori akamcheka.

"Ndiyo," akajibu, na hakueleza zaidi.

Asubuhi moja honi ikalia langoni. Lilikuwa gari la buluu, na mwenyewe ndani. Dada akashuka, akasema neno moja, "Oili," akaenda kukaa kwenye benchi na kufungua kitabu chake cha vipimo.

Fundi akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Akafungua boneti. Tepu yake ilikuwepo, ile aliyoibandika siku aliyomaliza injini, mistari minne mizima kuhusu mkanda mpya. Chini yake palikuwa na tepu nyingine, ya karatasi vile vile, iliyokatwa kwa mkasi na si kwa meno kama alivyozoea kukata yeye. Mwandiko ulikuwa ule ule wa mezani kwa mama yao, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Maneno yalikuwa mawili tu.

KAKA BADO.

Alisoma. Akasoma tena. Bado hajamsamehe, ndivyo ilivyosema. Au bado ni kaka yake. Akasogea upande wa mwanga kama kwamba mwanga ungemsaidia. Alimwaga oili ya zamani, akaweka mpya, akabadilisha kichujio, na muda wote huo macho yalikuwa yanarudi pale. Machozi yalimdondoka mara moja, yakatoa sauti juu ya kifuniko cha injini cha moto.

Alipomaliza, dada alikuwa amesimama nyuma yake na begi begani. "Tayari?"

"Tayari." Akashusha boneti kwa mikono miwili, taratibu, ili tepu isibanduke. "Nimeisoma ile ya chini."

"Vizuri."

"Inasomeka kwa namna mbili, dada."

"Najua," dada akasema. Akaingia ndani ya gari, akafunga mkanda wa kiti, akawasha na kuondoka.